Dawa ya Magoti na Madhara Yake

Shekue, tajiri wa dawa, alimwajiri Mwanakheri, mtangazaji wa sokoni, amtangazie dawa ya magoti.

"Sifa zipaze," alimwagiza. "Madhara yanong'one tu. Ukiyapaza, huna kazi."

"Sawa, bosi. Nitanong'ona."

Siku ya gulio Mwanakheri alizipaza sifa kwa kipaza sauti, lakini watu waliendelea kuchagua nyanya. Basi akakizima, akatazama kushoto na kulia, akanong'ona, "Sogeeni. Kuna jambo bosi hataki nilipaze."

Soko zima likanyamaza. Wauza kuku waliwafumba kuku midomo.

"Inaleta kwikwi ya wiki nzima na kunyonyoa nyusi," akanong'ona. "Muulizeni daktari kwanza."

Shekue alifika akihema. "Umeniharibia biashara."

"Nimenong'ona, bosi," alisema Mwanakheri. "Kimya wamekileta wao."