Namkunda, Perege na Nyungunyungu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa wapi?
Kwenye kishamba cha Namkunda, mjane mwenye watoto watatu na shemeji mmoja mwenye maneno.

Hapo kale mvua iligoma. Shemeji akaja akasema, "Shamba la marehemu kaka likishindwa kuwalisha wanawe mpaka masika, nalichukua." Namkunda akaingiwa na hofu kubwa.

Alipokwenda mtoni kuchota maji, perege akachomoza kichwa. "Achana na udongo, mama. Nichimbie bwawa. Maji yangu uyamwage kwenye kokoto zenye mchicha, yapite, yanirudie. Kinyesi changu kitaulisha mchicha, nao utanisafishia maji."

Nyungunyungu wa shambani aliposikia, akalalamika kwamba kokoto hazizai maharage. Namkunda akapima huku, akapima huku. Njaa ya watoto ikamwamulia, akachimba bwawa, akamhamishia humo perege na wenzake, akapanda mchicha kwenye kokoto.

Mchicha ukatoka, majani mapana! Watoto wakala, wakashiba. Nyungunyungu akaita, "Namkunda, nakauka." Namkunda anachuma mboga. "Namkunda, nakauka." Anachuma. "Namkunda, nakauka." Mwenzenu anachuma tu.

Mara wadudu wakauingilia mchicha. Namkunda, kwa mazoea ya shambani, akazoa majivu ya jikoni, akaunyunyizia tele. Maji yakayabeba majivu mpaka bwawani. Kulipokucha perege walikuwa juu ya maji, wanatweta.

"Namkunda, maji yanatuchoma!"

Namkunda akapiga hesabu. Perege wakifa, mchicha unakufa, na shamba limekwenda. Akamwendea nyungunyungu, akamwomba radhi kwa kumtupa.

Nyungunyungu akasema, "Majivu ni ya kwetu udongoni. Maji hayo tumwagie sisi. Wao wape mapya."

Bahati nzuri, zamu ya Namkunda ya kupata maji ya mfereji wa kijiji ilikuwa siku hiyohiyo. Akateka, akamwaga. Akateka, akamwaga. Akateka, akamwaga. Jioni perege akapiga mkia, chubwi! Namkunda akaketi chini, akacheka huku machozi yanamtoka.

Udongo nao ulikunywa maji ya samaki ukalainika, akaupanda maharage, yakazaa. Masika yalipofika, shemeji akakaribishwa ugali kwa maharage, mchicha na perege. Akala, akaomba aongezewe, akaaga. Habari ya shamba hakuigusa tena.

Basi, ndugu zangu, mchicha mwachieni maji, maharage mwachieni udongo, na dawa ya huku msiipeleke kule kabla hamjauliza. Msiniulize kama perege aliyeliwa ndiye yule msemaji. Mimi niliambulia mchuzi tu, nao haukuniambia kitu. Ngano yangu naitua hapa. Aliyeshiba anawe mikono.