Udongo Ulio Tumboni mwa Ngoma

Zamani, wanangu, ngoma kuu haikuwa na kitu tumboni. Ukiibeba, ilinyamaza kama mtungi mtupu. Leo ukiiinua unasikia kitu kinagonga ndani, ko, ko, na watoto huuliza ni nini. Basi sikilizeni, na anayetafuna muwa aache kwanza.

Katika mlima wa Kinzagu palikuwa na mchongaji aitwaye Kobelo. Mndewa, mkuu wa ukoo, alikuwa amefariki, na mrithi wake hakuweza kukalia kigoda mpaka ngoma mpya ilie. Kobelo akachonga ngoma, akaiwamba ngozi mbichi, akaianika. Ngozi ilipokauka na kujikaza, ikapasuka mdomoni. Akachonga ya pili, nayo ikapasuka vilevile. Wenye maneno wakasema ngoma ivumayo haidumu, ila hizi za Kobelo hazikuvuma wala hazikudumu.

Wazee hawakucheka. Walimpa gogo la mwisho la msitu wa makaburi, wakamwambia kwamba ngoma ya gogo hilo nayo ikipasuka atauhama mlima, na akifa hatazikwa kwa ukoo wa mama yake. Kobelo aliogopa kweli. Mtu asiye na kaburi kwao ana nini tena?

Dada yake mkubwa, Sikudhani, alikuwa mfinyanzi. Alimkuta akisugua mdomo wa ngoma kwa majani ya msasa, yale makavu yanayokwaruza, ameyabana kwa vidole.

"Kobelo baba, vidole vyako vinazama penye shimo na kuruka penye kilima," akasema. "Unazidisha kosa lilelile linalopasua ngozi."

"Nikitumia kibao napata bapa, dada. Mdomo wenyewe umepinda."

Sikudhani akalaza jani la msasa juu ya mdomo wa ngoma, akakandamiza udongo juu yake mpaka ukashika mpindo ule, akaukausha, kisha akauchoma pamoja na vyungu vyake. Kobelo akalifunika donge lile kwa majani mapya, akasugua kutwa. Jioni akapitisha ukucha, akanyong'onyea. Tuta jembamba lilikuwa limeuzunguka karibu mdomo wote. Donge lilifinyangwa juu ya kasoro, likaieneza kila lilikopita, na mti ulikuwa umebaki mwembamba. Nafasi ya kukosea tena haikuwapo.

"Udongo hauna aibu, huchukua unachopewa," Sikudhani akasema. "Tafuta mahali palipo sawa, nifinyange hapo."

Lakini viganja vya Kobelo vilikuwa vimeota sugu za tezo, na kila mahali aliona ni sawa. Dada yake akamwambia alaze shavu. Akapiga magoti, akauzunguka mdomo wa ngoma polepole kwa shavu lake, jasho likimtiririka, mpaka akafika mahali padogo, upana wa kiganja cha mtoto, ambapo shavu halikukuta tuta wala shimo. Hapo ndipo lilipofinyangwa donge la pili. Likachomwa, naye akasugua nalo mpaka shavu lilipoteleza mdomo mzima.

Siku ya kuwamba wazee walikuwapo. Kabla ngozi haijafungwa, Sikudhani alipenya katikati yao akalitumbukiza donge ndani ya ngoma.

"Ikipasuka mtaukuta udongo wangu humo," akawaambia. "Mtatufukuza wote wawili."

Kobelo alinyoosha mkono alitoe. Dada yake akaushika mkono ule.

"Wamba, mdogo wangu."

Akawamba. Jua likapanda. Ngozi ikaanza kujikaza, ikawa inalia kidogokidogo, nyii, nyii. Iliposhtuka mara moja kwa sauti kubwa, Kobelo alifumba macho. Hakutaka kuiona, wala hakutaka kuuona uso wa dada yake. Alasiri ngozi ikanyamaza. Mzee mmoja akaigonga kwa kofi ili kuijaribu, akaigonga tena kwa nguvu. Ngoma ikalia mlima mzima, na ndani yake udongo ukaitikia. Kobelo akalia mbele ya watu, bila kujificha.

Na tangu siku hiyo mchongaji wa Kinzagu hulaza shavu kwenye mti kabla ya kushika msasa, na ngoma kuu haifungwi ngozi mpaka donge lililoisugua litiwe tumboni. Mchongaji halitii mwenyewe. Hulitia dada yake, ili mchongaji ajue kwamba hatafukuzwa peke yake.