Jina la Mtoto wa Mize

Sogeeni. Anayechambua mchicha aendelee kuchambua. Mikono ina kazi, masikio hayana.

Kigandini palikuwa na wanawake watatu, majirani. Wa kwanza, Zawena, maneno yalimjia yenyewe. Atakuwa anafua au anamenya muhogo, mara anatamka jambo ambalo kila mtu angetamani alitamke yeye. Ukimwomba arudie, amekwisha kusahau.

Wa pili, Chausiku, maneno hayakumjia. Aliyafuata yeye. Alihesabu mizani kwa vidole, akapanga vina, akabomoa, akapanga tena, hata ugali ukaungua. Beti zake zilisimama wima kama matofali, na nyingine zilikuwa baridi kama matofali.

Wa tatu, Riziki, hakutunga hata mstari. Alikuwa na sikio. Ukimwimbia alijua neno lipi ni la kweli na lipi limewekwa kujaza nafasi, naye hakuona haya kukuambia.

Sasa, Kigandini mwanamume hachukui mke hivi hivi. Upande wa mke hufunga mlango, upande wa mume huimba nje mpaka ufunguliwe. Kwa kawaida ni mchezo tu. Lakini Hatibu alipomwoa Mize, bibi yake Mize hakuwa akicheza. Bi Mgeni alikumbuka kwamba ukoo wa Hatibu uliwahi kumposa binti yake, kisha ukamwacha. Akakaa nyuma ya komeo, akasema:

"Wimbo niliokwisha kuusikia, sifungui. Jua likitua, rudini kwenu na kanzu zenu."

Wakaimba nyimbo zote wanazozijua. Komeo halikusogea. Hatibu alikaribia kulia. Babu yake, Mzee Shemweta, akatangaza mbele ya watu: "Atakayetunga wimbo wa kufungua mlango huu, kitukuu wangu wa kwanza wa kike ataitwa jina lake!" Alidhani wimbo hutungwa na mtu mmoja, kama yai linavyotagwa na kuku mmoja.

Wakati huo Zawena, aliyekuja na wenzake wawili upande wa Hatibu, alikuwa nao uani kwa jirani akisugua sufuria la pilau, na masizi hayatoki. Akasema, bila hata kuinua kichwa, "Kwani yule bibi vipi? Mlango una bawaba, jamani. Si ukuta wa kuziba."

"Rudia!" akasema Chausiku.

"Nirudie nini?"

Alikwisha kusahau. Chausiku hakusahau. Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaanza kuhesabu vidole. Wenzake nje waliishiwa sauti, yeye anahesabu. Alipomaliza alikuwa na beti nzima nzima, zenye vina, zinazoimbika.

Riziki akasikiliza. "Huo wa kusifu ukoo wa Hatibu, tupa. Si ndio ukoo anaouchukia?"

"Huo ndio nimeuhangaikia kuliko yote!"

"Ndiyo maana unanuka jasho. Na hiyo bawaba usianze nayo. Malizia nayo. Tena msiuimbe mstari huo. Usemeni tu, kama mtu anaongea na mama yake."

Wakaenda mlangoni, wakaimba kilichobaki:

Hatukuja na misiba, wala mwana kumuiba,
Bibi, hasira si tiba, moyoni haina shiba,

kisha wakanyamaza, wakasema:

Mlango una bawaba, si ukuta wa kuziba.

Komeo likalia. Bi Mgeni akasimama kizingitini, macho mekundu. "Mchukueni," akasema. "Mimi nilikwisha kusahau kwamba huu ni mlango."

Mize akaolewa, akashika mimba, akazaa mtoto wa kike. Siku ya saba watu wakakusanyika. Mtoto akanyolewa, Mzee Shemweta akampakata, akainamisha mdomo sikioni mwake ili amtamkie jina. Akakwama. Akauliza, "Nani hasa aliyetunga?"

"Mimi," akasema Zawena. "Bila bawaba yangu mngeimba mpaka mkauke."

"Bawaba bila mlango ni chuma tu kwenye kopo," akasema Chausiku. "Ungeiacha hapo na masizi yako. Mlango nimeuunda mimi."

"Na mlango uliopachikwa kichwa chini," akasema Riziki, "unamfungulia nani?"

Zawena akamgeukia Chausiku. "Dada, sema kweli. Ile 'hasira si tiba' uliihesabu?"

Chausiku akasita. "Hapana. Ile ilinijia tu."

Watu wakacheka. "Lakini na wewe," Chausiku akamwambia, "unadhani yako ilianguka kutoka wapi? Miaka yote umekaa jikoni kwangu ukinisikia nahesabu. Kinywa chako kilikwisha kuzoea."



Mzee Shemweta akajaribu kuunganisha majina yote matatu. Bi Mgeni akamkatiza: "Mtoto si gunia, Mzee. Uliahidi jina la mtunzi. Ukoo wenu umekwisha kuvunja neno mara moja mlangoni kwangu."

Mtoto akaanza kulia. Mize, ambaye hakuwa amelala vizuri tangu ajifungue, akanyoosha mikono. "Babu, amueni. Tangu azaliwe namwita 'wewe'. Nataka kumnyonyesha mtu mwenye jina."

Mzee akainamisha tena mdomo kwenye sikio lile dogo, akafumba macho.

Haya, wekeni mchicha chini. Mtoto analia na mama yake anangoja. Aliyejiwa na neno, aliyelijenga, au aliyejua la kutupa na la kubakiza: Je, wewe ungemtamkia jina la nani?