Sindano za Bi Chausiku

Mshona kitabu huanza kwa kufumua. Mmeisikia kauli hiyo leo asubuhi kwa mjomba wenu, wazee walipokwisha kumpatanisha na mkewe. Kila mtu keshasema yaishe, kahawa inazunguka, na shehe mzee akaisema huku anatafuta viatu vyake. Nimewaona mkitazamana. Njiani Hidaya ameniuliza kitabu kimeingiaje katika ugomvi wa mume na mke, na Mbwana akasema labda shehe amechoka. Shehe hajachoka, mwanangu. Chanzo cha maneno yale nakijua, kwa sababu yaliposemwa mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni, sinia la vitumbua mkononi. Ilikuwa hivi.

Hapa hapa Ngamiani, mkabala na nilipokuwa nikichoma vitumbua, palikuwa na karakana ndogo ya kujalidi vitabu. Ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Fundi Mwinshehe na mkewe, Bi Chausiku. Fundi alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa hata ukajiuliza anawezaje kupiga nakshi ndogo kama zile juu ya ngozi ya mbuzi. Bi Chausiku alikuwa mfupi, na urefu aliokosa ulihamia kwenye ulimi. Kazi waligawana tangu walipooana: mke anashona, mume anavika jalada. Watu wakiwaletea misahafu iliyochoka, vitabu vya chuoni, na vitabu vya mashairi vya babu zao vilivyoliwa na wadudu.

Kitabu kizee kikija pale, Bi Chausiku alikivua jalada, akakata nyuzi zilizooza, akatenganisha kurasa fungu kwa fungu. Akizisafisha, akiziba palipochanika kwa karatasi nyembamba, ndipo anachukua sindano na uzi uliopakwa nta, anashona mgongo upya. Fundi akipenda kuwaambia wateja kwamba mkewe aliolewa na sindano kwanza, yeye alikuja baadaye. Bi Chausiku naye akijibu kwamba jalada ni kanzu tu, na kanzu haijapata kumtembeza maiti. Walikuwa wakitaniana hivyo mchana kutwa, nami ng'ambo ya barabara nacheka peke yangu kama mwehu. Niliwapenda sana wale watu.

Kisha macho ya Bi Chausiku yakaanza kupungua. Hakumwambia mtu. Lakini mimi nilikuwa mbele yake kila siku, nikamwona akilamba uzi, akinyanyua sindano kwenye mwanga, akikosa, akirudia, akikosa tena. Akiniona namtazama, anasema upepo wa leo mbaya. Siku ambazo hata jani halitikisiki, bado upepo mbaya.

Fundi aliona pia. Na kwa kuwa alimpenda mkewe, akafanya jambo ambalo watu wanaopendana hulifanya sana: akanyamaza. Akaogopa kwamba akimwambia, atamvunja moyo. Basi vitabu vikiletwa Bi Chausiku akiwa sokoni au jikoni, Fundi anavificha chini ya meza. Havifumui. Anapaka mgongo gundi ya seremala, anaubana usiku kucha, asubuhi anauvika ngozi nzuri yenye nakshi. Mkewe akiuliza mbona kazi ya kushona imekuwa chache, anamwambia watu siku hizi hawaleti vitabu, wananunua vipya.

Sasa angalieni mapenzi yalivyoweza kuumiza. Bi Chausiku aliamini kwamba kazi yake imekufa. Alianza kukaa kibarazani mikono mapajani, na ile mikono ilikuwa haijui kukaa. Utani ukapungua. Siku moja alivuka barabara akaniambia amemwambia binti yao Mwaka, aliyeolewa Muheza, amtengee chumba. Nilimuuliza na Fundi je. Akasema Fundi ana ngozi zake na nakshi zake, hakosi kitu. Yeye pale nyumbani amebaki mgeni asiyejua ataondoka lini. Nilitaka kumwambia nilichokuwa nakiona chini ya meza, lakini mambo ya mke na mume ukiyaingilia utatoka na lawama, nikageuza vitumbua vyangu.

Wakati huo ndipo kilipoletwa kitabu cha Bi Saumu. Bi Saumu alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, wa mtaa wa nyuma. Katika ukoo wao kulikuwa na kitabu cha mashairi ya kumwasa bibi harusi, kilichoandikwa kwa mkono na bibi mzaa bibi yao. Kila binti wa ukoo akiolewa, kitabu huwekwa mapajani mwake, shangazi hukifungua, akamsomea mbele ya wanawake wote. Bi Saumu alikuwa anamwoza binti wa kaka yake. Alikileta kimelegea, akamkuta Fundi peke yake, akamwambia anakitaka kabla ya harusi. Fundi akafanya kama alivyozoea. Na nakshi aliyoipiga kwenye jalada lile, wallahi, ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona.

Siku ya harusi mimi na Bi Chausiku tulikaa pamoja. Kitabu kikaletwa kimefunikwa kitambaa cha hariri, kikafunuliwa, wanawake wakapiga vigelegele kwa uzuri wa lile jalada. Bi Chausiku akakunja uso. Aliijua mikono iliyopiga nakshi ile, ila kitabu chenyewe hakijapita mikononi mwake. Bi Saumu akakiweka mapajani mwa bibi harusi, akataka kukifungua. Hakikufunguka. Kilikuwa kigumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Akakikandamiza kwa viganja, na Bi Saumu akikandamiza kitu, kinakandamizika. Mgongo ukalia kwaa! ukapasuka katikati, na kurasa zikamwagika mabonge mabonge juu ya nguo ya bibi harusi. Mtoto wa watu akaanza kulia, maana aliona ni mkosi.

Bi Chausiku alikuwa wa kwanza kuinama. Aliokota kurasa, akapitisha kidole kwenye mgongo, akaijua gundi. Bi Saumu akamuuliza, mbele ya wote, kama hii ndiyo kazi yao. Angeweza kusema ni ya mumewe. Akasema, "Ni kazi yetu. Na fungate halitaisha kabla hatujaileta upya." Wakamsomea bibi harusi mashairi yale katika kurasa zilizolegea, shingo upande, na sisi tukaondoka na kitabu. Kurasa nilizibeba mimi, kwenye sinia nililoletea vitumbua vya harusi, nimezifunika kanga.

Fundi alituona tukiingia. Bi Chausiku aliweka lile jalada zuri juu ya meza, tupu. Fundi akalitazama, akatazama sinia, mara akaliendea kopo la gundi, akaanza kukoroga haraka haraka. Akasema atakibana upya na safari hii ataongeza kitambaa mgongoni.

"Weka brashi chini, Baba Mwaka," mkewe akamwambia.

"Kesho kitakuwa kimekauka."

"Utapaka gundi juu ya gundi? Kitabu hiki kinafumuliwa. Na kabla yake kuna jambo jingine la kufumua. Kwa nini uliniambia watu hawaleti vitabu?"

Fundi akaketi. Akachezea brashi ile kwa mikono yake mikubwa. Mimi nilitaka kutoka, ila sinia lilikuwa zito na hakuna aliyelipokea.

"Nilikuona unashindwa na sindano," akasema. "Nikaona nikikwambia, utavunjika moyo uache kazi."

"Nami nikaona kazi haiji, nikajua mimi ndiye niliyekwisha. Mwaka ameshanitengea chumba."

"Chumba cha nini?"

"Cha mtu asiye na kazi kwao."

Fundi alifunika uso. Mtu mzima yule, alilia bila kujificha, akasema kumbe alikuwa anamfukuza mkewe taratibu huku anadhani anamtunza. Bi Chausiku akamwacha alie, kisha akavuta kigoda akakaa mbele yake, magoti yakagusana.

"Sasa nisikilize. Tundu la sindano silioni. Hilo ni kweli, na nimelificha, na kosa langu ndilo hilo. Lakini kushona, Baba Mwaka, ni lini nimeshona kwa macho? Mimi hushona kwa vidole, macho nakutazama wewe usije ukaharibu ngozi."

Fundi akainua kichwa. "Kwa hiyo ni kutunga uzi tu?"

"Kutunga uzi tu. Ungeniuliza, ningekwambia nitungie."

Hapo wote wawili wakaanza kucheka, kile kicheko cha machozi, mpaka Bi Chausiku akaniona na kunikaripia kwa nini nimesimama na kurasa za watu kama ninayeuza.

Asubuhi yake wakaanza kufumua. Ile gundi ya seremala hulainika kwa unyevu, lakini wino wa zamani nao huyeyuka, kwa hiyo haikuwa kazi ya kumwagia maji. Fundi alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua hadi hakitoi tone, akakilaza mgongoni tu mwa kila bonge. Bi Chausiku akawa anapitisha ukucha, anatenganisha ukurasa na ukurasa, anasugua gundi inatoka vipande vipande. Na kazi hiyo ikiendelea nilisikia wanazungumza. Walifumua hili na lile: nani alisema nini mwaka ule, nani alinyamaza alipotakiwa kusema. Mara sauti zinapanda, mara kimya, mara kicheko. Mimi vitumbua vingine viliungua siku hiyo, nakiri, kwa kutega sikio.

Bi Saumu hakuwa na subira ya kungoja. Alikuja kukagua, mimi nami nimevuka kupeleka vitumbua, tukakutana mlangoni. Alipotupa macho ndani akakuta hali mbaya kuliko aliyoiacha: kitabu hakipo tena. Meza nzima ni kurasa, zimetandazwa kila moja peke yake, nyuzi za zamani ziko sakafuni, jalada limelala pembeni. Akashika kiuno. Akasema yeye aliwapa watengeneze, kumbe wamemalizia kukiharibu. Akauliza siku zote hizi walikuwa wakifanya nini, wakicheka tu?

Bi Chausiku hakuinuka. Alimtazama mumewe, ambaye wakati huo alikuwa karibu na dirisha, mdomo umebana, anatunga uzi kwenye sindano na sindano nyingine kadhaa zimeshatungwa na kuchomekwa kwenye mto mdogo wa pamba. Kisha akamjibu mgeni taratibu.

"Bi Saumu, mshona kitabu huanza kwa kufumua."

Fundi akatazama chini akatabasamu. Nikajua kwamba hayakuwa maneno ya kitabu peke yake.

Kitabu kilirudi kabla ya fungate kwisha. Kikawekwa tena mapajani mwa yule binti, na shangazi yake alipokigusa kilifunguka na kutulia wazi, hakuna mkono uliokishikilia. Binti akacheka, na Bi Saumu aliyasoma mashairi yote kwa sauti iliyofika barabarani. Na kwa kuwa Bi Saumu hasikii neno zuri akakaa nalo, alilichukua lile la Bi Chausiku akalitumia kwa ndugu zake waliogombana, na kwa majirani, na kwa wakwe, mpaka likazagaa Tanga nzima na waliolisema wakasahau lilikotoka. Chumba cha Muheza Mwaka aliwekea kuku.

Fundi aliendelea kutunga sindano kila asubuhi baada ya chai, anazichomeka kwenye mto, anausogeza upande wa mkewe bila kusema kitu. Ilikuwa ndiyo salamu yao. Mpaka leo nikiikumbuka moyo wangu unalainika.

Sasa mjomba wenu na mkewe leo wamepakwa gundi. Wamesema yaishe, wamepeana mikono, jalada linang'aa. Lakini hakuna aliyemuuliza mke kwa nini alifunga mizigo, wala mume kwa nini miezi hii yote hali chakula nyumbani. Mkipita kwao kesho, msiwapongeze. Waambieni bibi yenu amesema wakae wawili, waanze mwanzo.

Nawe Hidaya, acha kucheka, shika hii kofia ninayoidarizi. Nitungie uzi. Tangu jana naambia watu upepo mbaya, na tundu silioni kabisa. Nilikuwa naona haya kusema, basi sasa nimesema. Mshona kitabu huanza kwa kufumua.