Ukuta Uliosiribwa Haukumbuki Maji

"Ukuta uliosiribwa haukumbuki maji," alisema Bi Mboni, akamshika mkono Sikudhani, aliyekuwa amekwisha kuchota tope la kufunika kipande kilichobaki nyuma ya mlango. Wasichana watatu waliokuja kumsiribia bibi huyo nyumba wakaacha kazi, wakauliza. Msemo huo umetoka wapi? Na mbona kila nyumba ya Mtanga Chini ina kipande kama hicho, kisichosiribwa?

"Naweni mikono, mkae. Methali hii ilianza hivi."

Mwaka mmoja mto ulipasua kingo mpunga ukiwa unakaribia kuvunwa. Huko Mtanga Juu, penye nyumba za saruji, maji yalilowesha miguu ya watu yakarudi. Huku Chini yalikaa siku tisa. Mjane mmoja, Somoe, aliyeishi katika nyumba hii hii, alipanda juu ya paa na mjukuu wake mgongoni, akawa anamwimbia mtoto asitazame chini, mpaka mtumbwi ulipowafikia. Maji yalipokauka alijua jambo moja tu: paa lile lisingewabeba mara ya pili.

Ndipo ikaja habari kwamba serikali imetenga fedha za kujenga tuta. Lakini hazikutosha mto mzima. Tuta lingeanzia upande ulioumia zaidi, na mpimaji angekuja kuuamua.

Sasa, wanawake wa Mtanga Chini walikuwa na desturi yao. Nyumba yenye mstari wa tope ukutani, walisema, ina mwanamke mvivu. Waliposikia mgeni wa serikali yuko njiani, walichimba udongo mwekundu wa kichuguu, wakasiriba, wakalainisha kwa viganja mpaka kuta zikang'aa. Somoe akaongeza maua ya chokaa. Wenzao wa Juu hawakugusa kitu, wala si kwa ujanja. Saruji haisiribwi kwa tope.

Mpimaji, kijana mpole aitwaye Kasiga, akafika na futi yake. Aliingia nyumba, akatazama ukuta, akaandika, akatoka. Kwa Somoe aliyasifu maua. Somoe alifurahi, lakini alikuwa mtu asiyeweza kuona chungu kimefunikwa asikifunue. Akamfuata mpaka nyumba ya nne.

"Samahani, mwanangu. Hiyo futi mbona huifungui? Unapima nini?"

"Napima alama ya maji ukutani, mama. Huko Juu nimeikuta, inafika kwenye kifundo cha mguu. Huku kwenu, namshukuru Mungu, hayakufika."

Hayakufika! Somoe alirudi kwake karibu mbio, akachukua jembe, akaanza kukwangua ukuta nyuma ya mlango, maua na yote. Udongo mwekundu ukaporomoka. Chini yake ukatokea mstari mweusi, mnyoofu.

"Pima," alimwambia Kasiga, aliyekuwa amemfuata kwa mshangao.

Kasiga akafungua futi. Mstari ulimfika kidevuni.

"Mama, kwa nini mlificha?"

"Tulificha? Tulikukaribisha! Na wewe umeingia nyumba nne, umezitazama kuta zote, sisi wenye nyumba hukutuuliza hata neno. Sisi tulinyamaza kwa adabu. Wewe ulinyamaza kwa nini?"

Kasiga alichana ukurasa, akarudi nyumba ya kwanza, na safari hii alianza kwa kuuliza. Majembe yakalia kijiji kizima. Watu wa Juu walinung'unika, lakini walipoteremka kuiona mistari ile walikubali, na tuta likaanzia Chini.

"Ndilo lile tunalopita tukienda shamba?" aliuliza Sikudhani.

"Ndilo."

Sikudhani aliinuka akasimama kando ya kipande kile. Mstari mweusi ulipita juu ya paji la uso wake. Akageuka.

"Bibi, na yule mjukuu je?"

Bi Mboni akacheka. "Ndiye mimi. Hadi leo siwezi kupanda ngazi. Mnadhani kwa nini sehemu za juu za kuta mnanisiribia ninyi?"

Sikudhani akarudisha tope kwenye karai, polepole.

"Ukuta uliosiribwa haukumbuki maji," alisema, na hakuna aliyeuliza tena maana yake.