Mwangwi Uliohama Ziwa Isyombe

Zamani, Ziwa Isyombe lilikuwa likimjibu kila mtu. Ukiimba ufukoni, majabali ya ng'ambo yaliirudisha sauti yako, tamu kuliko ilivyotoka. Ndiyo maana kila baada ya mavuno watu wetu walikwenda huko kuoga na kucheza ngoma, na Tusekile binti Mwakalobo ndiye aliyeongoza nyimbo.

Wakaja Wazungu. Wakalizungushia ziwa seng'enge, wakaleta mashua na kinanda, wakasimamisha kibao getini: watu weusi marufuku, isipokuwa vibarua.

Mwaka huo Tusekile alikwenda vilevile, mchana kweupe, peke yake. Getini alimkuta bawabu, naye ni Ambakisye, mtoto wa kaka yake.

"Shangazi, rudi," Ambakisye alimwambia, macho chini. "Hata mimi humu naingia na ufagio tu."

"Siingii, mwanangu. Nimekuja kuliaga ziwa."

Akaimba akiwa palepale nje. Majabali yakajibu. Akageuka, akashika njia huku anaimba, na Ambakisye akaisikia ile sauti ya pili ikishuka majabalini, ikivuka maji, ikimpita begani, baridi, ikamfuata shangazi yake. Hakuthubutu kutazama.

Ndani, mpiga kinanda aliendelea kupiga, lakini watu walisikia mbao tu zikigongana. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa akimwita binti yake aliyeanguka kutoka kwenye mashua. Mdomo ulifunguka, ukafumbika, sauti haikutoka. Wenzake walikaa wamempa mgongo, wanakunywa chai.

Ambakisye alimwona. Akajitosa, akamtoa mtoto akiwa hai.

Kesho yake akafukuzwa kazi, kwa kosa la kuogelea.

Alimfuata shangazi yake bondeni Lupando, alikohamia. "Shangazi, irudishe."

"Sikuichukua," Tusekile alisema. "Imenifuata yenyewe. Usiku kucha inapumua mlangoni."

Wazungu waliondoka, seng'enge ikaliwa na kutu. Na tangu siku ile Tusekile alipoliaga ziwa, ukipiga ukelele Isyombe hurudishiwi kitu. Lakini hapa Lupando, wanawake wakiimba, husikika sauti moja zaidi, isiyo ya yeyote kati yao. Kwa hiyo uwanja wetu wa ngoma hauna geti. Akija mgeni, awe wa rangi yoyote, tunamsogezea nafasi. Kisha tunanyamaza kidogo, tusikilize kama bado ipo.