Zulia la Shangazi

Mtu mmoja alikuwa na mtoto aliyemwomba kwa Mungu muda mrefu, hata majirani wakachoka kuuliza. Mtu huyo aliitwa Eliamini, mkulima wa tangawizi kule milimani Upare, na mkewe aliitwa Nakijwa. Mtoto alipopatikana wakamwita Ombeni, na tangu siku hiyo hawakukubali hata inzi atue juu yake.

Ombeni alipoanza kutambaa wakamteremsha pwani, kwa shangazi yake Eliamini, aonwe na ukoo. Shangazi akasema, "Mpelekeni ufukweni mtoto apunge upepo." Eliamini hakuwahi kuikaribia bahari. Alichosikia ni kwamba ufukweni kuna mchanga, na mchanga huingia kila mahali. Akajiandaa. Akachukua mwavuli mkubwa, chupa ya chai, beseni la kumwogeshea mtoto, na zulia la sebuleni. Ndiyo, zulia. Shangazi alimpa kwa shingo upande, kwa sharti kwamba lirudi vilevile lilivyotoka. Akalikunja akalitia begani, na njia nzima watu wakampa pole ya kuhama.

Walipofika, maji yalikuwa yamekupwa. Wenyeji wote walikuwa wamebanana juu, kwenye mchanga mkavu wenye mwani na mashimo ya kaa. Chini kulikuwa na uwanja mpana, mgumu, safi kama umepigwa deki, na hapakuwa na mtu. Eliamini alimshukuru Mungu kwa kumfunulia kilichofichwa machoni pa wengi, akatandika zulia lake huko chini.

Mama mmoja muuza mihogo akamwita kutoka juu, "Baba, pandeni huku! Hapo mmekaa kwa mwenyewe!"

"Asante, mama," Eliamini akajibu kwa upole, "lakini sisi ndio tuliowahi." Kisha akamnong'oneza mkewe, "Umeona wivu wa watu?"

Mtoto hakulipenda zulia. Kila akiwekwa katikati alitambaa hadi ukingoni akachota mchanga akala, na baba akaingiza kidole kuutoa, na mtoto akaking'ata. Mwishowe wakamkalisha ndani ya beseni na kijiko chake, akatulia. Wazazi wakamimina chai. Wakasinzia.

Bahari haina kelele ikirudi. Ililamba kwanza pindo la zulia, kisha ndala za Nakijwa zikaondoka bila kuaga. Eliamini akaruka. "Zulia la shangazi!" Nakijwa naye akaruka. Mwavuli ukatiwa kwapani, chupa ikabanwa kidevuni, kila mmoja akashika ncha yake ya zulia, ambalo kwa kunywa maji lilikuwa zito kama ng'ombe aliyekataa kwenda mnadani. Eliamini mbele, hawezi kugeuka, akajua mtoto yuko mgongoni kwa mama yake. Nakijwa nyuma, anaona mgongo wa mume tu, akajua mtoto yuko kifuani kwa baba yake. Wakavuta, wakateleza, wakahimizana, wakafika pakavu wakihema, wakalitua zulia na kuanza kulikamua. Nakijwa hata akasema, "Bwana asifiwe, hatukupoteza kitu."

Yule mama muuza mihogo akaweka upawa chini, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Vyombo vyote vimeokoka. Mwenye beseni je?"

Wakatazamana. Eliamini akatazama mgongo wa mkewe. Nakijwa akatazama kifua cha mumewe. Kisha wote wawili wakageuka.

Kule chini beseni lilikuwa linaelea, na ndani yake Ombeni anayapiga maji kwa kijiko na kuyacheka. Hapo hakuna aliyeuliza habari ya mchanga wala viatu. Eliamini alikimbia akaanguka, akainuka akaanguka tena, na maji yenyewe yalikuwa hayajampita magoti. Alipomfikia na kumkumbatia, mtoto alilia kwa uchungu, kwa sababu alikuwa ametolewa kwenye starehe. Baba alilia zaidi. Nyuma yao zulia, lililotuliwa chini mno, likachukuliwa na wimbi taratibu, na Nakijwa aliyekuwa karibu nalo hakunyoosha hata mkono.

Ndugu zangu, msimcheke sana Eliamini. Mimi nilimcheka, na kicheko kikanikwama, maana ninalo zulia langu begani na nimeshalivuta mbali. Tulionywa kwamba hapa tumekaa kwa mwenyewe, tukadhani tunaonewa wivu. Mwenyewe yuko njiani anarudi, wala hapigi kelele. Kile ulichokiomba kwa Mungu kwa machozi, hivi sasa unavyosoma haya, umekibeba wewe, au unajua tu kwamba mwenzako amekibeba?